Kiti cha Bi Zuhura

Kwenye dirisha la bima, pale getini Londorossi, Bi Zuhura Mwinchande alisoma masharti yote, kurasa kumi na mbili, huku foleni nyuma yake ikiguna na kuhema.

"Mama, wageni wengine hutia sahihi tu hapo pa kukubali," msichana wa bima alimwambia kwa upole wa kujilazimisha.

"Nimeuza dawa Tanga miaka thelathini," Bi Zuhura akajibu bila kuinua macho. "Nawajua waliomeza bila kusoma."

Nilimpenda pale pale, na mimi si mwepesi wa kupenda watu. Naitwa Ndeshi Makyao. Ule ulikuwa mwaka wangu wa kumi na tisa wa kuongoza watu Kilimanjaro, na nilishazoea wageni wanaochagua bima kama wanavyochagua soda, kwa kuangalia rangi.

Bima zilikuwa tatu. Baada ni ile ya zamani: ukishaanguka, watu wanakufuata na machela. Papo unabonyeza kitufe ukianza kuumwa, na msaada unaondoka kituoni. Kabla haingoji kitufe wala kuanguka. Unavaa bangili inayosikiliza damu, pumzi na mapigo ya moyo. Usiku wa kwanza na wa pili inajifunza mwili wako, kwa sababu ukitembea mwili hupiga kelele nyingi na bangili hutupilia mbali yale inayoyasikia mchana. Baada ya hapo inaanza kutabiri. Ikiona kwamba saa chache zijazo mapafu yako yatajaa maji, inaita Kipanga, chombo kisicho na rubani chenye kiti kimoja, nacho kinakuja kukuchukua ukiwa bado unakunywa chai na kubisha kwamba huumwi.

"Na ikikosea?" Bi Zuhura aliuliza.

"Kwa kila watu mia, mama, haikosei kwa tisini na sita."

"Na hawa?" Aliwaonyesha kwa kidevu wagumu wangu. Hivyo ndivyo tunavyowaita wabeba mizigo wa mlimani. Walikuwa wamepanga mstari kwenye mizani, kila mmoja akiomba Mungu begi lake lisipite kilo ishirini.

"Hao wana Baada."

"Kwa nini?"

"Ndiyo inayotolewa kwa wafanyakazi, mama."

Bi Zuhura akarudi kwenye karatasi na kusoma kwa sauti. "Kifungu cha tisa. Kiti ni cha jina. Kipanga kikitua, aliyeitwa asipopanda ndani ya dakika ishirini, bima yake imekoma mpaka atakaposhuka mlimani." Akanigeukia. "Ndeshi mwanangu, hii ina maana gani kwa lugha ya watu?"

"Wakikuita, panda."

"Hata kama siumwi?"

"Hasa kama huumwi."

Sikusema hivyo kwa kukariri. Miaka miwili nyuma nilikuwa na mgeni aliyefuatwa na Kipanga akiwa anacheza muziki na mpishi wangu. Alitukana mpaka mlango ulipofungwa. Tulimcheka siku nzima, na jioni hospitali ikatuambia angebaki na sisi angekufa. Tangu siku hiyo sikubishana tena na Kabla.

Bi Zuhura alichagua Kabla. "Andikeni kwenye faili kwamba nina figo moja," alimwambia msichana. "Nyingine nilimpa dada yangu." Kisha akanyoosha mkono avishwe bangili.

*

Siku ya tano tuliamkia kambi ya Pofu, upande wa kaskazini wa mlima, mahali ambapo wageni wengi hawafiki. Njia ya huko haishuki wala haipandi, inauzunguka mlima tu kwenye mawe na vumbi, na barabara iliyo karibu ni mwendo wa siku nzima. Ndiyo maana bima ya njia ile huchaguliwa kwa makini kuliko viatu.

Saa mbili asubuhi redio yangu ililia. Sauti ya Kabla ni ya kike, laini, haina haraka hata kidogo.

"Kiongozi Ndeshi Makyao. Mgeni Zuhura Mwinchande. Maji kwenye mapafu, kiwango cha hatari ndani ya saa tano. Kipanga kitatua saa tatu kasoro robo."

Nilikwenda mbio kwenye hema la chakula. Mgonjwa wangu alikuwa anamalizia chapati ya tatu na kumfundisha mpishi jinsi watu wa Tanga wanavyopika maharage ya nazi. Nilimbana kidole kwa kipimo changu cha zamani cha hewa ya damu. Themanini na nane. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa na themanini na sita.

"Funga mizigo, mama. Umeitwa."

"Nimeitwa na nani? Mimi mzima."

"Wote huwa wazima. Funga mizigo."

"Kichwa hakiumi, kifua hakibani, usiku nimelala kama mtoto..."

"Mama, sikubembelezi. Una figo moja na miaka sitini na mitatu. Ukinifia hapa nitamwambia nini dada yako?"

Akafuta mikono. Najua nilikuwa mkali, lakini hofu yangu hutokea kwa njia hiyo. Akamwita Elisaria, mgumu aliyembebea begi lake tangu getini.

Elisaria hakuja. Alikuwa nami miaka kumi na moja, mzee wa kanisa, mtu anayebeba kilo ishirini huku akiimba sauti ya nne ya kwaya, ile nzito, mpaka wenzake wanamwomba apumzishe masikio yao. Nilipotoka nje kumtafuta nilimkuta ameketi juu ya begi la Bi Zuhura, mikono magotini, mdomo wazi.

"Elisaria, vipi?"

"Vumbi tu, kiongozi." Akakohoa, akageuza uso nisione alichotema.

Bi Zuhura alikuwa amenifuata. "Baba Elisaria, nipe kwanza bangili yangu," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Elisaria aliingiza mkono chini ya sweta mbili na koti, akafungua kitambaa alichojifunga kifuani, akaitoa bangili ikiwa na joto lake, pamoja na simu ya Bi Zuhura na betri mbili za taa.

"Inakaa kwako tangu lini?"

"Tangu usiku wa kwanza, kiongozi. Mama inambana akilala. Asubuhi namrudishia."

"Vidole vinavimba, mwanangu," Bi Zuhura alijitetea. "Nilimwomba aniwekee tu."

"Na mimi nikailaza kifuani," Elisaria alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Baridi inaua betri. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Ni kweli, mimi ndiye niliyewafundisha. Kila mgumu wangu hulala na betri za wageni kifuani, kama kuku na mayai, na asubuhi taa za wageni wangu huwaka wakati za wengine zimezima. Nilijisifia jambo hilo kwa miaka. Elisaria alipewa kitu chenye betri, akakitunza kwa heshima aliyoijua. Bangili ilipata ngozi, joto na moyo unaodunda. Haikuuliza moyo ni wa nani.

Usiku nne Kabla ilikuwa imemsoma Elisaria.

Nilimbana kidole. Kipimo kilisita, kikaandika sitini na moja. Nikamwegemezea sikio mgongoni, na nilichosikia humo kilikuwa kama uji unaotokota. Midomo yake, ambayo nilidhani imekauka kwa baridi, ilikuwa ya bluu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, lakini mgumu anayesema anaumwa huachwa nyumbani safari ijayo, na hilo pia nililijua miaka yote nikanyamaza.

"Sikutaka kuharibu safari ya mama," alisema.

*

Tulimlaza, nikampa dawa ya mapafu, tukamwekea chupa yetu moja ya oksijeni, inayotosha muda wa saa tatu hivi. Hewa ya damu ilipanda mpaka sabini na mbili ikagoma hapo. Niliita kampuni, nikajaribu kwanza njia ya haki.

"Nina mgumu mahututi," nilisema. "Elisaria Mrindoko."

"Pole sana. Elisaria Mrindoko ana bima ya Baada. Machela imeagizwa. Itafika saa kumi na moja jioni."

"Ataishi mpaka saa kumi na moja?"

"Baada haina utabiri, kiongozi."

"Kipanga kinakuja hapa. Mgeni wangu akikubali kumwachia kiti?"

"Kiti ni cha jina. Mgeni asipopanda, Kipanga kitarudi kituoni kitupu."

"Kitupu?"

"Ndiyo."

Nilizima redio nikamtukania mama yake, ingawa hakuwa naye. Saa tano tangu saa mbili ni saa saba mchana. Kubeba mtu mabegani kwenye njia isiyoshuka ni kumbeba afie njiani.

Bi Zuhura alikuwa amepiga magoti karibu na Elisaria, anamshika mkono. "Nimesikia," alisema. "Basi apande kwa jina langu. Bangili si avae tu? Ameshaivaa usiku nne."

Wazo hilo lilikuwa kichwani mwangu tayari, nikiogopa kulitoa. Nilimvuta pembeni, nyuma ya hema la mpishi, nikamwambia yote kwa sababu alikuwa na haki ya kuyasikia.

"Sikiliza, mama. Akipanda yeye, wewe hapa huna bima ya aina yoyote. Ukiumwa, ni sisi kukubeba, na barabara ni mwendo wa siku nzima. Na hakuna aliyeusoma mwili wako hata usiku mmoja. Sijui mimi, haijui mashine, kama kesho utakuwa salama. Nikikukosea, nimekuua."

"Na nikipanda mimi?"

"Unafika hospitali mzima, unapewa chai. Hakuna wa kutulaumu. Yeye anakufa."

Alitazama tambarare huko chini, mbali sana, palipokuwa na jua. Nilitamani achague haraka, na nilitamani pia akatae, ili niwe mtu aliyejaribu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyokuwa.

"Leseni yako?" aliuliza.

"Wakijua nilijua, imekwisha."

"Una watoto?"

"Wawili."

Akapumua kwa nguvu. "Mimi nimesoma kile kifungu cha tisa mara tatu, mwanangu. Nilipokisoma mara ya tatu nilijua kimeandikwa na mtu ambaye hatakuja huku. Apande." Kisha uso ukambadilika, akawa mfamasia tena. "Ngoja. Hicho chombo kinatibu njiani?"

"Kinachoma sindano chenyewe, kwa kufuata faili la mgonjwa."

"Faili langu. La mwanamke wa kilo hamsini na mbili mwenye figo moja." Akapiga goti lake kwa kiganja. "Kitampa nusu dozi. Tena wakimpokea hospitali wataendelea na nusu dozi, wakidhani ndiyo sawa. Nina kalamu ya wino mzito kwenye begi. Mfungueni kifua."

Aliandika juu ya ngozi ya Elisaria kwa herufi kubwa za dirisha la duka la dawa, huku nikimtajia umri, uzito na historia yake: ELISARIA MRINDOKO. MIAKA 41. KILO 74. FIGO MBILI. HANA MZIO. MPENI DOZI KAMILI. Chini akaandika dawa niliyompa na saa niliyompa. Ndani ya Kipanga hakuna kamera, kampuni iliwahi kushtakiwa kwa picha za wagonjwa ikazing'oa zote, kwa hiyo maandishi yale yangesomwa na daktari tu, atakapomvua nguo. Na daktari akiyasoma, siri yetu imekwisha. Tulijua hivyo sote wawili.

Bi Zuhura aliinua kalamu. "Niandike na jina la kiongozi aliyemruhusu?"

Nilijifanya nasikiliza mngurumo angani. Alinitazama kidogo, akafunga kalamu, akamfunika mgonjwa.

"Kiongozi," Elisaria alinong'ona chini ya barakoa ya oksijeni. "Sipandi kwa jina la mtu. Mimi mzee wa kanisa."

"Baba, uongo huu si wako," Bi Zuhura alimwambia, akimvisha bangili. "Wewe nyamaza tu. Tena pumzi yenyewe ya kubishana huna."

*

Kipanga kilitua saa tatu kasoro robo, si dakika zaidi. Kilirusha vumbi, kikafungua mlango ubavuni, kikatoa kiti kilichojilaza chenyewe. Wagumu sita walimbeba Elisaria mpaka kitini. Bangili iligusana na kiti, taa ya kijani ikawaka.

"Karibu, Zuhura Mwinchande," ile sauti laini ilisema. "Mapigo yanalingana. Kiongozi wa msafara, thibitisha kwa sauti. Mtu huyu ni Zuhura Mwinchande?"

Zuhura Mwinchande mwenyewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, kilemba kimejaa vumbi. Wagumu wote walinitazama. Elisaria alifumba macho. Nilifikiria wanangu, karo, na miaka kumi na tisa ambayo sijawahi kudanganya juu ya mgonjwa, hata mmoja.

"Kiongozi, thibitisha."

"Ndiyo," nilisema.

Mlango ulifungwa. Mpishi alianza kuimba wimbo wa kwaya, akakosea sauti ya kuanzia, na hakuna aliyemcheka.

*

Kilele tulikisahau. Tulifuata njia ya kuzunguka kuelekea mashariki, tupate mahali inaposhuka. Niliwapa wagumu mzigo wa Elisaria waugawane, nikamtembeza Bi Zuhura nyuma yangu hatua kwa hatua. Kila nusu saa nilimbana kidole. Themanini na nane. Themanini na saba. Saa sita mchana, themanini na nne, na akasema kichwa kimeanza kugonga kidogo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo cha mtu mzima asiyetaka kukutisha."

Nilimpa maji na dawa, nikaangalia midomo yake, kucha zake, jinsi anavyoweka mguu. Nimewaongoza mamia, na sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilikuwa nimeondoa kinga yote ya mama yule kwa neno moja, na sasa nilihesabu pumzi zake kama mtu anayesubiri hukumu.

Saa nane tulifika ukingo ambapo njia inaanza kuteremka. Redio ililia.

"Kiongozi Ndeshi Makyao. Hospitali imeripoti mwili usiolingana na jina. Mgonjwa yuko hai. Daktari anasema dozi ilirekebishwa mapema."

Niliketi juu ya jiwe nikalia wazi, mbele ya wagumu wote. Sikujali. Bi Zuhura aliniwekea mkono begani, sauti ikaendelea.

"Tunatenganisha makosa mawili. La kwanza: mfanyakazi alivaa bangili ya mgeni bila kiongozi kujua, na kiongozi akathibitisha kwa haraka. Mfanyakazi atafungiwa mlima, kiongozi ataonywa. La pili: kiongozi alijua. Tafadhali chagua."

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi, na ulikuwa mpana. Elisaria alikuwa kitandani, hai. Asingekanusha chochote, simjui mimi? Angekubali kufungiwa na kusema asante. Bangili alikuwa nayo kweli kifuani. Karibu kila neno la kosa la kwanza lingekuwa kweli.

"Kiongozi, chagua."

"Nilijua," nilisema. "Bangili alipewa, na kuilaza kifuani nilimfundisha mimi. Kiti nilimpa mimi. Andika hivyo."

"Imeandikwa. Leseni yako imesimamishwa kuanzia sasa. Huna mamlaka ya kuongoza mgeni. Mgeni asiondoke hapo alipo. Kiongozi mwingine atafika kesho saa tatu asubuhi."

Redio ilizima. Upepo ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, wenye ukungu. Bi Zuhura alikuwa ameegemea fimbo yake, macho mekundu, mkono mmoja kwenye kipaji cha uso.

"Hiyo ina maana gani kwa lugha ya watu?"

"Wanasema mimi si kiongozi wako tena. Wanasema ungoje hapa hapa, atakuja mwingine kesho."

Alitazama mawe matupu pande zote, kisha njia inayoteremka, kisha mimi.

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema tushuke, mama. Sasa hivi."

"Basi tangulia," Bi Zuhura alisema, akanyanyua fimbo.

Nikatangulia.